Mdomo Wazi Bila Sauti

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Asubuhi hiyo anga la Guangzhou lilikuwa la kijivu, bila mvua, na upepo mkavu wa kaskazini ulikuwa umewatoa watu masweta kabatini. Felisia alijifunga skafu kufunika kovu la shingoni, akasimama mlangoni mwa chumba chake katika mtaa wa Xiaobei na kusali, ufunguo ukiwa mkononi. Hakuomba mengi. Aliomba apewe kuimba siku hiyo moja. Mzigo wake wa nguo ulikuwa umekwisha pelekwa bandarini Huangpu, na Jumanne yeye mwenyewe alikuwa anarudi Songea. Viza yake isingeongezwa tena.

Kuimba kwake hakukuwa kwa kujifurahisha. Miaka mitatu nyuma alitolewa uvimbe shingoni, na kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji daktari alimweleza kwamba huenda akaamka bubu. Hapo kitandani Felisia aliweka nadhiri: Mungu akimwachia sauti, ataitumia mbele ya watu, ataimba hadi amina, asione haya. Aliamka na sauti. Lakini ilikuwa imekwaruzika, kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Kwaya ya kanisani kwao ilimshauri kwa upole apumzike kwanza. Alipumzika, akachoka kupumzika. Alipofika Guangzhou kwa biashara ya nguo alisikia kuna kwaya inayompokea mtu yeyote atakayekubali kusoma muziki jioni, naye aliyeishia darasa la saba akanunua kalamu na kuanza kusoma nota, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Kwaya hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara Wakristo wa Tanzania Bara, watu wa Mbeya, Iringa, Songea na Mwanza, ambao siku za kazi walihangaika na marobota kwenye soko la nguo la Shahe na Jumapili walimwimbia Mungu. Mwongozaji wao alikuwa mzee wa Kiswisi, Anton Zgraggen. Jina hilo halikukaa vizuri mdomoni mwa mtu yeyote, na yeye alitaka aitwe Maestro. Mbele yake walimwita hivyo. Nyuma yake walimwita Laoban, yaani bosi, kama walivyowaita wenye maduka, kwa sababu alichagua sauti za watu kama mtu anayechambua jinzi kwenye rundo. Ile asiyoipenda aliikataa kwa maneno yale yale ya sokoni: "Bu yao." Sitaki.

Walikutana naye msibani. Walikuwa wanamuaga mwenzao aliyefariki, wanaimba kuzunguka jeneza, na mzee huyu aliyekuwa akipita barabarani akaingia na kusimama nyuma mpaka mwisho. Watu walidhani amekuja kutoa pole. Akasema sauti za alto zimelala. Wiki iliyofuata alirudi, akawaambia kwamba atawafundisha bure, kwa kuwa ana wimbo mkubwa alioutunga na hana watu wa kuuimba.

Maisha yake waliyajua vizuri, kwa sababu kila tusi lake lilikuja na kipande cha maisha yake.

Robert wa besi alipochelewa, waliambiwa habari za bonde la Uri, kule milimani Uswisi, ambako Maestro alizaliwa katika nyumba yenye ng'ombe chini na watu juu. "Baba yangu alipiga kengele ya kanisa maisha yake yote," alisema. "Alichelewa mara moja tu, siku aliyokufa. Wewe umekufa?" Teddy alipolia kwa kurudishwa mstari mmoja mara nyingi, waliambiwa habari za Bern, alipokuwa kijana anayesifiwa magazetini kwa kuongoza okestra nzima bila kuangalia karatasi. Huko alimrudisha mpiga filimbi mmoja, mwanamke, mbele ya wenzake wote, mpaka akaiweka filimbi kwenye kiti, akatoka na hakurudi tena kwenye kazi hiyo. "Jioni tukapiga na mwingine," alisema Maestro. "Waliandika kwamba ndilo lililokuwa tamasha bora mwaka ule." Na Abednego, mwenyekiti wa kwaya, alipoomba ruhusa kwa sababu amefiwa na shangazi, aliambiwa kwamba mama yake Maestro alizikwa siku ambayo mwanawe alikuwa akiongoza okestra Leipzig. Hakwenda kuzika. "Mama alikuwa hasikii tena," alisema. "Ukumbi mzima ulikuwa unasikia."

Alikuwa ametunga simfonia tatu. Mbili zilipigwa mara moja moja, ya tatu haikupigwa kabisa, na lawama zote aliziweka kwenye masikio ya dunia. Okestra moja ya Guangzhou ilimwalika kuiongoza. Hapo alimwoa Bi Liu, mpiga viola, na hapo hapo wanamuziki wote walitia sahihi kwamba hawataki kupiga tena chini ya mkono wake. Angeweza kurudi kwao. Hakurudi, kwa kuwa kule pia aliacha watu wa namna hiyo. Kisha Bi Liu akafa, na mzee akabaki na piano, na funguo za nyumba, na wimbo wake wa mwisho alioupa jina la bonde lao. Wimbo huo ulimalizikia kwa maneno ya Kiswahili aliyowaomba wanakwaya wenyewe: Bwana utuhurumie, Amina. Ndio walioukusudia kuuimba jioni ya Jumamosi hiyo, mbele ya Waswisi wanaoishi mjini, wanamuziki wa zamani, na mtu mmoja aliyetoka Bern kuja kuurekodi.

Alhamisi, siku mbili kabla, Maestro alikuwa amemfikia Felisia. Alimsogelea kabisa, akainamisha sikio la kulia hadi karibu na mdomo wake.

"Imba."

Felisia aliimba mstari wa alto, wote, bila kukosea. Mzee akanyoosha mgongo na kusema maneno mengi ya Kiingereza. Mkalimani alikuwa Abednego, na kazi yake kubwa ilikuwa kulainisha.

"Anasema upumzishe sauti, mama."

"Mwenyekiti, usimdanganye mtu mzima," alisema Kissa kutoka kwenye soprano. Kissa alikuwa msichana wa Tukuyu mwenye sauti nzuri kuliko wote, na ulimi wake ulilijua hilo. "Kasema hiyo si sauti, ni robota linaburutwa kwenye ngazi."

Watu wakacheka. Felisia naye alitabasamu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Mwambie nimesoma," alisema. "Mwambie nota zote za wimbo huu nazijua."

Abednego akasema. Maestro akajibu bila kumwangalia.

"Kujua nota ni kama kujua majina ya vyakula. Hakujamshibisha mtu. Jumamosi atasimama hapa, upande wangu wa kulia, nimwone. Afungue mdomo pamoja na wenzake. Sauti, bu yao."

"Nina nadhiri, Maestro."

Hilo nalo likatafsiriwa. Mzee akafikiri kidogo.

"Mungu amesikilizishwa mengi," alisema. "Huyu tumwepushie."

Kisha akawapa kipande cha maisha yake, kama kawaida. Alipokuwa mtoto, mpiga kinanda wa kanisa lao alimwamuru mwenzake waliyesimama bega kwa bega afungue mdomo tu asitoe sauti. Mtoto yule aliachana na muziki, akawa mchinjaji. "Nyama yake ilikuwa safi sana," alisema Maestro. "Bonde zima lilifaidika."

Basi ndiyo sababu Felisia alisali na ufunguo mkononi. Alitembea hadi kwenye jengo lililo nyuma ya ghorofa la maduka la Tianxiu, walikokodi ukumbi mdogo, kwa mazoezi ya mwisho kabla ya jioni, akamkuta Kissa akimsubiri kwenye ngazi pamoja na Robert.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mbona mko nje?"

"Tunakusubiri wewe. Leo utapata wenzako."

"Wenzangu wa nini?"

"Wa kufungua mdomo." Kissa alishusha sauti, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Laoban hasikii, mama. Kiziwi. Alhamisi simu ya Robert ililia katikati ya wimbo, ule mlio wake wa ngoma za harusi. Aligeuka?"

Felisia akakumbuka. Watu wote waligeuka. Maestro aliendelea kupunga mikono.

"Anasoma midomo," alisema Robert. "Sikio la kushoto limekufa. La kulia linasikia kidogo, mpaka mkaribiane kama mlivyokaribiana Alhamisi. Muziki anausikia kwa kiganja, ndiyo maana haachi kushika piano."

"Sasa tukifika ukurasa wa mwisho," alisema Kissa, "hakuna anayetoa sauti. Midomo tu. Robert anaweka simu dirishani. Tumwone anavyopungia hewa, na Xiaobei yote imwone."

"Halafu?"

"Halafu wacheke. Si ametucheka tangu tumjue?"

"Yule ni mzee, Kissa. Na ni mgonjwa."

"Na wewe ulikuwa mgonjwa. Alikuonea huruma?"

Felisia akauliza kama mwenyekiti anajua.

"Mwenyekiti ndiye aliyechagua ukurasa," alisema Robert.

Maestro alikuwa amekwisha vaa suti nyeusi ya jioni, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi. Piano ilipigwa na Bi Chen, mwalimu kijana wa Kichina asiyejua Kiswahili, aliyemheshimu mzee na kumwogopa. Maestro aliweka kiganja cha kushoto juu ya mfuniko wa piano, akainua mkono wa kulia, na wakaanza.

Waliimba vizuri, kwa ubaya wa watu waliokwisha amua jambo. Maestro aliwakatiza mara nyingi. Alimwambia Teddy amenenepa tangu Alhamisi na kwamba pumzi imepata mahali pa kupotelea. Alimwambia Robert anaimba kama mtu anayetafuta choo. Alipomfikia Felisia aliutazama mdomo wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana ulifunguka na kufumba vizuri na hakuna kitu kilichotoka. Alisema mama huyu sasa ndiye mwanakwaya wake anayemwelewa. Hilo Abednego alilitafsiri lote, bila kulilainisha, na watu wakacheka tena.

Wakageuza ukurasa wa mwisho.

Bi Chen alipiga vipimo vya kuingilia. Maestro akavuta pumzi pamoja nao, akashusha mkono, na kwaya nzima ikafungua midomo na haikutoa kitu.

Ilikuwa sauti ya piano peke yake, na ubaridi wa chumba, na nguo za watu zikigusana. Bi Chen aliinua macho. Alimtazama Abednego, na Abednego akatazama dari huku midomo yake ikienda sawasawa na maneno. Vidole vya msichana vilisita, vikaendelea. Hakujua afuate nini.

Maestro hakusita. Midomo ilikuwa inakwenda, kiganja chake kilisikia piano, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Baada ya mstari mmoja akafumba macho. Na hapo ndipo walipoona kitu ambacho hawakuwahi kukiona kwake. Uso ulilegea. Mikunjo ya paji la uso ikafunguka. Mkono wake wa kulia, ambao siku zote ulikata hewa kama panga, ukawa unapapasa, kana kwamba kuna mtoto amelala pale chini yake. Kwaya aliyokuwa akiisikia ilikuwa nzuri kuliko wao, na kuliko yeyote aliyewahi kumfukuza.

Mabega ya Teddy yalianza kutikisika. Akajiziba mdomo kwa karatasi ya nota. Robert alikuwa analia kwa kicheko, machozi kabisa, na Kissa aliyekuwa mbele aliimba bila sauti huku amepanua mikono na kubinua macho juu, akimwigiza mzee. Kicheko kilipita safu hadi safu bila sauti, kama kila kitu kingine.

Bi Chen ndiye aliyeshindwa. Felisia alimwona, kwa sababu walikuwa karibu. Uso wa msichana ulikuwa mwekundu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unainuka polepole kutoka kwenye piano. Alikuwa anaacha. Na akiacha, kiganja cha mzee kitanyamaza, macho yatafunguka, naye atawakuta watu wote aliowahi kuwacheka wamemkodolea macho, na simu dirishani.

Felisia alifikiri kwamba anastahili. Alifikiri hivyo kweli, kwa maneno hayo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Bwana utuhurumie."

Hakujua kama ni huruma au ni nadhiri. Ilitoka mbovu. Ilikwaruza, ikapasuka kwenye nota ya juu, ikajikusanya na kuendelea. Alto peke yake, bila soprano ya kuifunika, ni wimbo usio na uso, lakini nota zilikuwa zenyewe, naye alizijua. Bi Chen alirudisha mkono kwenye piano. Akapunguza nguvu ya piano, akamfuata taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa kwenye korido. Kicheko kilikatika. Kissa alishusha mikono yake. Alimtolea Felisia macho makali, akamfanyia ishara ya kukata shingo, na Felisia akaangalia pembeni, akaimba mstari wa pili, na wa tatu. Shingo ilimuuma mahali palepale pa kovu. Hakuna aliyemsaidia hata kwa nota moja. Aliimba hadi amina, akaishika amina hiyo kwa vipimo vyake vyote kama ilivyoandikwa.

Maestro alifungua macho. Yalikuwa na maji.

"Vizuri," alisema. Neno hilo alilisema kwa Kiswahili, na hawakujua kama analijua. Kisha akaendelea kwa Kiingereza. "Nyote mmeimba vizuri. Soprano zilikuwa kama asubuhi kule kwetu. Nimengoja jambo hili tangu nikiwa kijana, na nilikuwa nimekata tamaa."

Akageuka upande wake wa kulia, na mikunjo ikarudi.

"Isipokuwa mmoja. Nilikuwa nasikia kwaya ya malaika, na kando yake kitu kibovu kimoja kinakwaruza, hapa, sikioni. Nilisema nini Alhamisi?"

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Mtu fulani huko nyuma alikohoa kicheko. Robert alikwenda dirishani, akaichukua simu, akaitazama na kuizima.

"Haifai," alimwambia Kissa. "Anasikika yeye mwanzo mpaka mwisho."

"Mama, umetuharibia," alisema Kissa. "Ulikuwa na kazi moja tu, ya kunyamaza. Na ndiyo uliyoamriwa."

"Nisamehe, binti."

"Sikusamehi. Ulijifanya mtakatifu mbele yetu. Sasa ona anavyokulipa."

Maestro alikuwa anatazama midomo yao, na maneno ya Kiswahili yalimpita. Alidhani wanamlaumu Felisia kwa kuuharibu wimbo, na hilo lilimpendeza. Akapiga mfuniko wa piano kwa kiganja.

"Kwaya imenielewa," alisema. "Jioni mtu anakuja kutoka Bern. Sitaki bahati mbaya. Aahidi. Hapa, mbele ya wote, na kwa nguvu, nisikie. Kama hataahidi, atoke, mahali pake pawekwe kiti."

Abednego alimkaribia Felisia. Jasho lilikuwa limemtoka, na wala hakukuwa na joto.

"Mama, kubali tu yaishe. Mimi nitaitafsiri vizuri."

"Usitafsiri vizuri, baba. Tafsiri tu."

Angeweza kusema. Kiingereza chake cha dukani kilitosha kabisa kwa sentensi ile: hakuna aliyeimba. Maneno hayo machache yangemwangusha mzee pale pale, na Kissa angepata alichokitaka bila simu. Felisia aliona kwamba watu wote wameliona hilo pia. Robert alikuwa anaangalia viatu vyake. Bi Chen alimtazama Felisia usoni, bila kupepesa, na kwa mara ya kwanza yeye na wanakwaya walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Mkono wa Maestro ulikuwa bado juu ya piano, vidole vimetandazwa, vinasikiliza piano iliyokwisha nyamaza.

Felisia alifungua skafu, akaiweka begani. Kovu lilionekana. Akainua mkono wa kulia kama wanavyoinua kanisani kwao, akamsogelea mzee hadi kwenye lile sikio lililobaki, na akasema kwa nguvu, kwa Kiswahili, huku akiwatazama wenzake.

"Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi mlio mashahidi. Leo jioni nitasimama hapa hapa na nitafungua mdomo tu, sauti haitatoka. Nadhiri yangu nimekwisha kuiondoa. Nimeimba hadi amina, na ninyi nyote mlinyamaza mkanisikiliza."